Hedhi imekatika na mifupa inapungua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu dawa

Majibu haya yanamhusu mwanamke au msichana ambaye hajafikia umri wa kukoma hedhi, hana mimba, hanyonyeshi, na siku zake zimepotea kwa miezi 3 au zaidi. Bibi wa miaka 70 aliyevunjika nyonga ana dawa zake. Nyingi ya hizo hazimfai binti wa miaka 24, na kuwachanganya wawili hawa ndiko kunakozaa makosa mengi tutakayoyataja hapa.

Kukosa hedhi kunadhuru vipi mifupa?

Damu ya mwezi yenyewe haina kazi yoyote kwenye mfupa. Kinachoulinda mfupa ni estrojeni, homoni ile ile inayotoka kwenye ovari na kujenga utando wa ndani wa mfuko wa uzazi. Mfupa ni kitu hai: kuna seli zinazoula mfupa wa zamani na seli zinazojaza mahali pake. Estrojeni huzishikia hatamu zile za kula. Ikishuka, zinakula kuliko zinavyojazwa. Kwa wanawake wenye anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula, uti wa mgongo na nyonga hupoteza karibu asilimia 2.5 kwa mwaka, tena katika umri ambao wenzao bado wanaongeza mfupa au wameufikisha kileleni.

Kwa hiyo wanawake wawili wanaweza kukaa mwaka mzima bila hedhi, mmoja mifupa ikabaki salama na mwingine ikaliwa. Aliyewekewa kijiti au kitanzi chenye homoni, aliyepata makovu ndani ya mfuko wa uzazi baada ya kusafishwa kizazi au kuugua kifua kikuu cha kizazi, na mara nyingi hata mwenye ovari zenye vifuko vingi, hao estrojeni wanayo. Tatizo lao liko kwingine. Walio hatarini ni wale ambao estrojeni imeshuka: anayekula kidogo kuliko anavyotumia, aliyeishiwa na ovari kabla ya miaka 40, mwenye prolaktini nyingi (homoni ya kutengeneza maziwa), na aliyeharibikiwa na pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo. Kabla ya kuuliza "nitumie dawa gani ya mifupa?", ni lazima ijulikane uko kundi lipi.

Nianze na vipimo gani?

Mimba kwanza, hata kama una hakika. Baada ya hapo damu: FSH na LH (homoni ambazo ubongo, kupitia pituitari, huziamrisha nazo ovari), estradioli (estrojeni kuu ya ovari), prolaktini na TSH ya tezi ya shingo. Estradioli ikiwa chini na FSH iko chini au ya kawaida, ubongo hauiamrishi ovari. Hapo ndipo wanapoangukia wakimbiaji, waliojikondesha na wenye msongo mkali. Estradioli ikiwa chini na FSH imepanda kupita 25, ubongo unapiga kelele lakini ovari haiitiki. Prolaktini ikiwa juu, orodhesha kwanza dawa unazotumia kabla ya kukimbilia picha ya kichwa: metoklopramidi ya kichefuchefu na dawa kadhaa za magonjwa ya akili, kama haloperidoli na risperidoni, hupandisha prolaktini zenyewe.

Kosa linalojirudia ni kupima FSH wakati mtu anameza vidonge vya majira. Vidonge hivyo huishusha, na majibu yanayotoka hayasemi lolote kuhusu ovari. Subiri wiki 6 hadi 8 baada ya kuviacha, ukitumia kondomu kama unahitaji kinga.

Kuna pia kipimo cha zamani kisichohitaji maabara: kumeza medroksiprojesteroni miligramu 10 kila siku kwa siku 5 hadi 10, kisha kusubiri. Damu ikitoka ndani ya wiki moja au mbili, utando ulikuwepo, maana yake estrojeni ilikuwepo. Isipotoka, ama estrojeni haipo ama njia imeziba. Wanawake wengi wamekwishafanyiwa kipimo hiki bila kujua: walipewa dukani dawa ya "kuleta siku", damu haikutoka, wakaambiwa warudie. Kutotoka kwake ndilo jibu, na kurudia dozi ile ile hakuongezi lolote.

Mifupa yenyewe inapimwaje, na karatasi ya majibu naisomaje?

Kwa mashine ya DEXA, ambayo kwetu Afrika Mashariki iko katika hospitali chache za miji mikubwa. Unalala kitandani dakika 10 hivi, mionzi ni midogo. Mwongozo wa mwaka 2017 wa Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni cha Marekani, unashauri kipimo hiki kwa yeyote aliyekosa hedhi miezi 6 au zaidi kwa sababu ya njaa ya mwili, mazoezi au msongo, na mapema zaidi kama amewahi kuvunjika kwa jambo dogo.

Kwenye karatasi utakuta safu mbili: T-score na Z-score. Ipite ya T. Hiyo humlinganisha mtu na kijana mwenye mifupa bora, nayo imetengenezewa waliokoma hedhi. Soma Z, inayokulinganisha na watu wa umri wako. Z ya -2.0 au chini yake huitwa "chini ya kiwango kinachotarajiwa kwa umri". Neno "osteoporosisi", ugonjwa wa mifupa kuwa dhaifu, haliandikwi kwa namba peke yake kwa mwanamke kijana. Linahitaji pia mfupa uliovunjika bila sababu kubwa au ugonjwa unaojulikana kuula mfupa. Mwanariadha anatakiwa awe na mifupa mizito kuliko watu wa kawaida, kwa hiyo kwake hata Z chini ya -1.0 ni kengele.

Eksirei ya kawaida haitoshi: hadi mfupa uonekane mwepesi kwenye picha, karibu asilimia 30 ya madini imekwishaondoka. Kipimo cha kisigino kinachofanywa kwenye maonyesho ya afya hakichukui nafasi ya DEXA. Ukirudia, rudia baada ya mwaka 1 hadi 2, kwenye mashine ile ile. Tofauti ya asilimia 1 au 2 kati ya vipimo viwili inaweza kuwa ni mkono wa mpimaji tu.

Dawa ya kwanza ni ipi kwa aliyekosa hedhi kwa sababu ya kukonda au mazoezi?

Chakula. Tunajua hilo si jibu ambalo mtu amelifuata, lakini hakuna kidonge kilichowahi kulishinda. Mwili ukiona nishati haitoshi, ubongo hupunguza mapigo ya homoni ya GnRH, LH inaanguka, ovari inalala. Wakati huo huo homoni ya ujenzi, IGF-1, inashuka na kotisoli, homoni ya msongo, inapanda. Estrojeni ya dawa hurekebisha kimoja tu kati ya hivyo. Mlo hurekebisha vyote.

Hesabu yenyewe inafanyika hivi. Chukua mkimbiaji wa kilo 52 mwenye mafuta asilimia 20. Mwili wake bila mafuta ni kama kilo 42. Anakula kilokalori 1,900 kwa siku, na mazoezi yanatumia 700. Zinazobaki kuendesha mwili ni 1,200, yaani karibu 29 kwa kila kilo. Chini ya 30 ndipo homoni zinapoanza kuyumba kwa wengi. 45 ndicho kiwango cha kuridhisha. Ili afike 45 huku akikimbia vile vile anahitaji karibu 2,600 kwa siku. Na mwanamke huyu hajioni ana njaa: anakula ugali na sukuma kila siku, anashiba.

Kupandisha kunafanywa kwa hatua ya kilokalori 300 hadi 600 kwa siku. Gramu 50 za karanga ni karibu 290. Nusu parachichi la wastani ni 160. Glasi ya maziwa yasiyopunguzwa mafuta ni 150. Tui la nazi kwenye mboga, uji wa wimbi uliotiwa maziwa na siagi ya karanga, chapati badala ya mkate mkavu: vitu vinavyobeba nguvu nyingi kwenye tumbo dogo ndivyo vinavyosaidia, kwa sababu kuongeza mboga za majani na matunda matupu hujaza tumbo bila kufikisha namba. Pamoja na hilo, punguza mazoezi, siku moja ya kupumzika kabisa kila wiki ikiwemo. Anayefunga saumu za sunna kila Jumatatu na Alhamisi azihesabu pia kwenye upungufu wake.

Wengi huona hedhi inarudi uzito ukizidi ule uliokuwapo ilipokatika kwa kilo 2 hivi. Inaweza kuchukua miezi 6 hadi 12, na kukata tamaa mwezi wa tatu ni jambo la kawaida mno.

Nilipewa vidonge vya majira na damu inatoka kila mwezi. Mifupa yangu si imepona?

Hapana. Damu hiyo inatoka kwa sababu unafika kwenye vidonge vitupu vya mwisho wa paketi, homoni inakatika na utando unashuka. Ovari bado imelala. Vidonge hivyo vina ethinili estradioli, estrojeni ya viwandani yenye nguvu, inayopita kwenye ini kabla ya kufika popote. Ini likiipokea linapunguza kutengeneza IGF-1, homoni ambayo kwa mtu aliyekonda tayari ilikuwa chini. Unaongeza breki kwenye ubomoaji huku unawanyima mafundi saruji.

Jaribio lililochapishwa mwaka 2019 liliwagawa wanariadha vijana wenye hedhi zilizopotea au za mara chache katika makundi matatu: waliobandikwa estradioli kwenye ngozi, waliomeza vidonge vya majira, na wasiopewa homoni. Baada ya miezi 12, kundi la kiraka liliongeza mfupa wa uti wa mgongo na shingo ya paja kuwazidi wengine. Waliomeza vidonge hawakupata faida hiyo. Mwongozo wa 2017 nao unapinga kutoa vidonge vya majira kwa lengo la kurudisha hedhi au kukuza mfupa peke yake.

Ubaya wake mwingine ni kwamba vinaficha. Damu ya bandia humwambia mtu kuwa mambo yako sawa, anaendelea kujikondesha, na miaka mitatu baadaye anapoviacha anagundua hedhi haikurudi. Kama unavihitaji kwa uzazi wa mpango, vitumie kwa kazi hiyo, ukijua havikufanyii ile nyingine.

Kiraka cha estrojeni kinatolewa lini, na kwa kiasi gani?

Kwa waliokosa hedhi kwa sababu ya nishati, kinafikiriwa baada ya mlo, mazoezi na msongo kushughulikiwa kwa muda wa kutosha, kwa kawaida miezi 6 hadi 12, bila hedhi kurudi. Mtu mwenye Z iliyozama au mfupa uliokwishavunjika anaweza kuanzishiwa mapema, na kwa maoni yetu ni sawa: mfupa unaopotea ukiwa na miaka 17 haurudi wote.

Kiasi kilichotumika kwenye majaribio yaliyofaulu ni kiraka cha estradioli asilia cha maikrogramu 100 kwa saa 24, kinachobadilishwa mara mbili kwa wiki. Viraka vya 25 na 50 vilitengenezewa kupunguza vipindi vya joto la ghafla vya waliokoma hedhi, na mara nyingi ni vidogo kwa kijana.

Mwenye mfuko wa uzazi lazima aongezewe projesteroni, la sivyo utando unajijenga bila kushuka, na hatimaye unaweza kugeuka saratani. Ama projesteroni asilia miligramu 200 usiku kwa siku 12 kila mwezi, ama medroksiprojesteroni miligramu 5 hadi 10 kwa siku hizo hizo. Projesteroni asilia inaleta usingizi, ndiyo maana inamezwa ukienda kulala. Baadhi ya matoleo yake yana mafuta ya karanga, kwa hiyo mwenye mzio wa karanga asome boksi.

Hakifai kwa aliyewahi kuugua saratani ya matiti, mwenye damu iliyoganda kwenye mishipa, ugonjwa mkali wa ini, au anayetokwa damu ukeni bila sababu kujulikana. Mwenye selimundu au kipandauso chenye kuona vimulimuli aseme mapema. Kwake njia ya ngozi ni salama kuliko kumeza kwa sababu haichochei ini kutengeneza vigandishi, lakini uamuzi ni wa daktari anayejua historia yake yote.

Kinabandikwaje ili kisibanduke na joto la Pwani?

Chini ya kiuno: tumboni chini ya kitovu, kwenye tako, au juu ya paja. Kamwe si kwenye titi, wala pale mkanda wa suruali unaposugua. Oga, jikaushe, ngoja ngozi ipoe. Ukibandika ukiwa bado unatoka jasho la kuoga kitadumu hadi jioni tu. Usipake mafuta ya nazi, losheni wala poda mahali hapo, hata siku iliyotangulia. Chana mfuko wake kwa mkono, maana mkasi hukikata. Ondoa nusu ya karatasi ya nyuma, bandika nusu hiyo, vuta iliyobaki, kisha kandamiza kwa kiganja sekunde 10 ukizungusha kidole pembezoni.

Badilisha siku mbili zilizopangwa, tuseme Jumapili asubuhi na Jumatano jioni, na uhamie upande mwingine. Usirudi mahali pale pale kabla ya wiki moja. Kikidondoka, kibandike tena. Kikikataa, weka kipya lakini usibadilishe siku yako ya ratiba. Kilichotumika bado kina homoni: kikunje gundi kwa gundi, kitupe mbali na watoto. Wekundu mdogo wa duara ni wa kawaida. Malengelenge si ya kawaida.

Viraka havipatikani mjini kwetu. Nifanye nini?

Hili ndilo tatizo la kweli katika maduka mengi ya dawa. Mbadala wa kwanza ni jeli ya estradioli, inayopakwa mkononi au pajani, kuachwa ikauke dakika 5, na ngozi kutogusana na ya mtoto kwa saa moja. Mbadala wa pili ni vidonge vya estradioli au estradioli valereti miligramu 2 kwa siku, ambavyo hupatikana kirahisi zaidi. Hivi navyo vinapita kwenye ini, lakini ni homoni ya aina ile ile inayotengenezwa na ovari, na athari yake kwa ini ni ndogo kuliko ya ethinili estradioli. Projesteroni inabaki pale pale. Muulize mfamasia aandike jina la homoni iliyomo, kwa sababu kwenye rafu boksi la estradioli na boksi la vidonge vya majira hukaa jirani na yote mawili huitwa "vya homoni".

Ovari zangu zimeacha kazi nina miaka 33. Naogopa homoni kwa sababu ya saratani.

Hofu hiyo ilitokana hasa na utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002, ambao wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63. Wao waliongezewa homoni katika umri ambao mwili haukutarajia kuwa nayo. Wewe unarudishiwa ambayo ungekuwa nayo. Kwa ovari zilizokoma kabla ya 40 tiba ya homoni ndiyo matibabu ya kwanza, na inaendelea hadi umri wa kawaida wa kukoma hedhi, karibu miaka 50. Kiasi ni kile kile: kiraka cha 100 au kidonge cha miligramu 2, pamoja na projesteroni kama mfuko wa uzazi upo. Ukiondolewa mfuko wa uzazi, projesteroni haina kazi. Kwa kundi hili hakuna kusubiri miezi 12 ya chakula; ovari haitaamshwa na chapati. Kuacha dawa miaka kumi kabla ya wakati kunaugharimu mfupa na moyo pia.

Nachoma sindano ya miezi mitatu na hedhi imekatika. Niache?

Sindano ya depo hushusha estrojeni na msongamano wa mfupa hupungua kidogo, zaidi katika miaka 2 ya mwanzo. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kwenye boksi mwaka 2004. Shirika la Afya Duniani lilipoliangalia jambo hilo 2005 halikuweka kikomo cha muda kwa wenye miaka 18 hadi 45, kwa sababu mfupa hujirudi sehemu kubwa baada ya kuacha, na mimba isiyotarajiwa ina hatari zake. Msimamo huo una busara. Hakuna haja ya dawa ya mifupa kwa ajili ya depo peke yake. Lakini kama wewe pia ni mwembamba sana, unatumia dawa nyingine inayokula mfupa, au umewahi kuvunjika kirahisi, hamia kwenye kijiti au kitanzi.

Kwa nini nisipewe alendroneti kama mama yangu?

Alendroneti na ndugu zake, bisfosfoneti, huzizuia seli zinazokula mfupa. Kwa mama aliyekoma hedhi zimethibitika. Kwa kijana kuna mambo matatu. Dawa inajificha ndani ya mfupa kwa miaka mingi baada ya kuiacha, na mimba ikija baadaye inaweza kumfikia mtoto. Pili, mwenye upungufu wa nishati mara nyingi tatizo lake ni ujenzi hafifu, ambao dawa hii haiugusi. Tatu, dawa hiyo haiondoi chanzo. Mwongozo wa 2017 unashauri isitumike kwa kundi hili, na unasema hivyo hivyo kuhusu denosumabu, testosteroni na leptini. Leptini ina kasoro ya pekee: inaondoa hamu ya kula kwa mtu ambaye ugonjwa wake ni kutokula.

Mtaalamu anaweza kuiandika kwa mifupa inayovunjika-vunjika, kwa mfano kwa anayetumia prednisoloni kwa muda mrefu. Ukiandikiwa, uzazi wa mpango wa uhakika uwepo, vitamini D irekebishwe kwanza, figo zipimwe, na jino bovu ling'olewe kabla ya kuanza. Miligramu 70 humezwa mara moja kwa wiki, asubuhi, tumbo tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu. Si chai, si maziwa. Kisha dakika 30 umesimama au umekaa wima, bila kula wala kulala. Kidonge kikikwama kooni kinachoma umio, na ndicho chanzo cha kiungulia wanachokilalamikia wengi. Kwenye Ramadhani, njia rahisi ni kufungulia kwa kidonge na maji, kisha kusubiri nusu saa kabla ya tende.

Na sindano za mifupa?

Denosumabu, miligramu 60 kila miezi 6, ina mtego: ukichelewa dozi au ukiacha, ubomoaji unarudi kwa kishindo na pingili za mgongo zinaweza kubonyea kadhaa kwa mpigo. Usiianze kama huna uhakika wa dozi inayofuata. Pia haitumiki wakati wa mimba.

Teriparatidi, maikrogramu 20 chini ya ngozi kila siku, ndiyo inayojenga hasa. Kwa wasio na hedhi imeachiwa watu wazima wachache ambao mfupa umevunjika na hauungi, na ni kwa muda mfupi. Msichana anayekua hapewi. Inahitaji jokofu na fedha nyingi.

Kalsiamu na vitamini D vinatosha?

Bila estrojeni, havitoshi. Ila bila hivyo dawa yoyote inafanya kazi kwa mkono mmoja. Lengo ni kalsiamu miligramu 1,000 kwa siku kwa mtu mzima, 1,300 kwa wa miaka 9 hadi 18, kwanza kutoka kwenye chakula: glasi ya maziwa au mala ni karibu 300, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao ni hazina. Mchicha una kalsiamu nyingi kwenye majedwali, lakini oksaleti yake huifunga na mwili unapata kidogo.

Geuza chupa ya vidonge usome nyuma. "Kalsiamu kaboneti 1,250" maana yake kalsiamu yenyewe ni 500. Meza na chakula, usizidishe 500 kwa wakati mmoja. Iweke mbali saa 4 na dawa ya tezi ya shingo. Anayemeza dolutegravia ameze ARV saa 2 kabla ya kalsiamu au saa 6 baada yake, au avimeze vyote pamoja na mlo kamili. Vitamini D ni yuniti 600 hadi 800 kwa siku, zaidi kama damu imeonyesha upungufu. Jua tunalo, lakini anayeshinda ofisini au anayejifunika mwili wote halimfikii.

Dawa ninazotumia zinaweza kuingilia?

Rifampisini ya kifua kikuu, efavirenzi, kabamazepini na fenitoini huharakisha ini kuvunja estrojeni na vitamini D pia. Tenofovia disoproksili iliyomo kwenye ARV nyingi hupunguza mfupa kidogo, hasa mwaka wa kwanza, kisha hutulia. Usiache yoyote kati ya hizo. Itaje tu, ili dozi ipangwe au ibadilishwe.

Prolaktini ikiwa ndiyo sababu?

Ishushe prolaktini na estrojeni itarudi yenyewe. Kabagolini miligramu 0.25 mara mbili kwa wiki, au bromokriptini nusu ya kidonge cha 2.5 usiku pamoja na chakula, ukipandisha taratibu. Dozi ya kwanza inaweza kukuangusha kwa kizunguzungu, kwa hiyo imeze ukiwa kitandani. Mwenye dawa ya akili asiiache mwenyewe.

Kuna pia mama aliyetokwa damu nyingi wakati wa kujifungua, maziwa hayakutoka, nywele za kwapani zikapungua, na hedhi haikuonekana tena. Pituitari yake huenda ilikufa kwa kukosa damu. Huyu anaanzishiwa haidrokotisoni (kotisoli ya dawa) kwanza, halafu dawa ya tezi ya shingo, mwisho estrojeni. Ukitanguliza dawa ya tezi, unaweza kumuua.

Mimi ni mwanariadha. Kuna dawa itakayonifungia?

Estradioli na projesteroni hazimo kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni. Raloksifeni, tamoksifeni na klomifeni, dawa zinazoingilia kazi ya estrojeni, zimo, vivyo hivyo testosteroni na DHEA. Maumivu ya ugoko unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, au ya kinena yanayoongezeka ukitua mguu, ni ya kusimamisha mazoezi siku hiyo hiyo. Ufa kwenye shingo ya paja ukiendelea kukimbiwa hukatika kabisa na kuishia chumba cha upasuaji.

Binti ana miaka 16 hajawahi kuona siku. Apewe kiraka?

Achunguzwe kwanza, kutoona hedhi hadi miaka 15 ni sababu tosha ya kumpeleka. Kama ovari hazifanyi kazi, tangu kuzaliwa kwa mfano, estrojeni huanzishwa kidogo mno, kama robo ya kiraka cha 25, na kupandishwa kwa miaka 2 hadi 3. Dozi kubwa ya ghafla hufunga ncha za mifupa akabaki mfupi, na matiti hukua vibaya.

Nitajuaje mwili umeanza wenyewe, na je, kiraka kinazuia mimba?

Hakizuii. Daktari hukisimamisha kwa muda uzito ukishatulia, aone kama hedhi itakuja bila msaada. Ute wa kuvutika kama ute wa yai, matiti kujaa, hamu ya tendo la ndoa kurudi: dalili hizo hutangulia. Yai nalo hutangulia, kwa wiki mbili hivi kabla ya damu ya kwanza, kwa hiyo mwanamke aliyekaa miaka miwili bila hedhi anaweza kushika mimba bila kuwa ameona hata tone. Asiyetaka mtoto sasa atumie kondomu au kitanzi cha shaba tangu siku anapoanza kuongeza chakula.